Kumpeleka Mwanangu Bwenini: Kutoka Mlimba Hadi Milima ya Njombe

Jumatano, Mlimba

Nimefika jioni kutoka Ifakara, tranka la bati mkononi na furushi la sare begani. Mimi ni fundi cherehani, sare nimeshona mwenyewe: sketi mbili za bluu, mashati matatu meupe, na kila upindo nimeuachia vidole vinne ili ushushwe mtoto akirefuka. Sweta ndilo nililonunua, mtumba, kijani kama fomu ya shule ilivyotaka, na nililichagua kubwa makusudi. Dada alipomvisha kujaribu, mikono ilimezwa yote hadi ncha za vidole.

Mtoto ni wa dada yangu, na mtoto wa dada ni wako, kwa hiyo namwita mwanangu. Ana miaka saba. Jina lake silitaji hapa, na yeye mwenyewe hana kumbukumbu ya kulisikia. Alipokuwa na mwaka mmoja na miezi miwili alishikwa na homa ya uti wa mgongo, akalazwa, akapona, akarudi nyumbani anacheka vilevile. Tulikuja kushtuka baadaye sana, siku sufuria lilipodondoka nyuma yake na asigeuke. Tulimpeleka hospitali moja tukaambiwa tusubiri, watoto wengine huchelewa kusema. Tulisubiri miaka miwili. Miaka miwili hiyo inaniuma mpaka leo.

Nyumbani tuna ishara zetu. Vidole mdomoni, kula. Kiganja shavuni, kulala. Kidole kuelekea mtoni, twende tukachote maji. Bibi ana yake ya kumwambia kuku wameingia kwenye mpunga ulioanikwa. Ukizihesabu zote sidhani kama zinafika thelathini, na zote ni za kitu kilicho mbele ya macho. Hatuna ishara ya kesho. Hatuna ya kwa nini. Leo usiku dada amekaa naye mkekani, kichanga cha wiki tatu kikinyonya, akijaribu kumweleza: ameonyesha tranka, amenionyesha mimi, ameonyesha njia ya stesheni, kisha akamkumbatia. Mtoto akacheka, akafungua tranka, akaingia ndani na kujikunja. Alidhani ni mchezo. Dada akanitazama. Hakuna kati yetu aliyejua namna ya kumwambia: utabaki huko, na tutakufuata.

Majirani wameniuliza kama serikali haikukataza bweni kwa watoto wadogo. Ilikataza kweli. Waraka wa Kamishna wa Elimu wa Machi 2023 ulielekeza bweni lianzie darasa la tano, na walio chini ya hapo wapokewe tu penye ulazima na kwa kibali. Waraka ule nauunga mkono kwa moyo wote. Mtoto wa miaka sita mwenye shule ng'ambo ya barabara hana sababu ya kulala mbali na mama yake ili eti afaulu zaidi. Lakini mwanangu alikaa miezi mitano katika darasa la awali hapa kijijini, akiwekwa mstari wa mbele, na alichojifunza ni kusimama wenzake wakisimama na kukaa wenzake wakikaa. Darasa lilijaa mpaka mlangoni na mwalimu ni mmoja, simlaumu. Tunakokwenda ni shule ya Kanisa la Kilutheri, ya watoto viziwi, mbali huko milimani mkoani Njombe, na kibali inacho.

Bibi hakubali. Amekumbusha habari za Januari 2019, watoto waliouawa Njombe kwa imani za kishirikina. Sikuwa na jibu la kumtuliza. Nilimwambia tu kwamba nitakaa siku tatu nzima, nitakagua kila mlango, na nisiporidhika nitarudi naye.

Alhamisi, ndani ya treni

TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inapita Mlimba, na kwa mtu wa bondeni kama sisi ndiyo njia fupi ya kufika nyanda za juu. Kwa barabara ungezunguka Ifakara, Mikumi, Iringa, kisha Mafinga, ndipo uione Makambako. Reli inapanda moja kwa moja. Ilijengwa kati ya 1970 na 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, na kipande hiki cha Mlimba hadi Makambako ndicho kilichowatesa wajenzi kuliko vyote, Wachina na Watanzania pamoja. Mlima umetobolewa mahandaki 18. Daraja la mto Mpanga limesimama juu ya nguzo za kimo cha mita 50.

Mtoto alianza safari kwa furaha. Hasikii treni, lakini anaihisi kuliko mimi: alivua ndala, akakanyaga sakafu kwa nyayo tupu, kisha akaweka mashavu yake kwenye ubao wa dirisha na kufumba macho. Kila treni ilipopunguza mwendo alikuwa wa kwanza kujua. Abiria wa kiti cha mbele, mama mmoja mwenye kuku kwenye tenga, aliniuliza, "Huyu ni bubu?" Nikamjibu kuwa ni kiziwi, bubu si neno zuri. Akasema pole, na kweli alionekana kumaanisha, akampa ndizi.

Halafu tukaingia handaki la kwanza.

Sikuwa nimeliwaza kabisa. Gizani mimi bado nina masikio: nasikia magurudumu, nasikia watu wakicheka, najua dunia ipo. Yeye giza likiingia vimekwenda vyote. Alinirukia, akapiga ukelele ambao behewa zima liligeukia, akanishika shingo kwa nguvu. Ishara zetu thelathini zikawa hazina kazi, maana hata mkono wangu haonekani. Nilichoweza ni kuchukua kiganja chake, kukibana kifuani kwangu chini ya koo, na kuimba. Niliimba wimbo wa kanisani uliokuja wa kwanza kichwani, kwa sauti nzito ili kifua kitetemeke. Alitulia kabla ya mwanga kurudi.

Handaki la pili aliliona linakuja, mdomo mweusi mbele kwenye mpindo. Akaweka kiganja chake kifuani kwangu mwenyewe, mapema, akanitazama akisubiri niimbe.

Basi nimeimba mlima mzima. Baada ya Uchindile alilala, kiganja bado kipo pale pale, nami niliendelea kuimba kila giza lilipoingia, nikiogopa asije akaamkia ndani yake. Makambako tumeshuka na upepo unaokata. Tumelala gesti karibu na stesheni, sisi wawili kitanda kimoja, yeye amevaa sweta lake juu ya gauni.

Ijumaa, Makambako hadi shuleni

Basi la Njombe, chini ya saa mbili. Njia nzima mashamba ya viazi mviringo, misindano, miwati, na karibu na mji chai ya Kibena imelala kama mkeka uliopigwa pasi. Njombe iko mita 2,000 hivi juu ya usawa wa bahari, na mtu wa mpungani hahitaji kuambiwa. Pale stendi wanasalimiana "Kamwene", salamu ya Wabena, na wauza parachichi wanakuita kwa upole. Nilinunua matunda damu, mtoto akauma moja, akakunja uso kwa uchachu, akauma tena.

Kutoka mjini tulipanda Noah iliyojaza watu na magunia ya mbolea, kama saa moja na nusu, kisha pikipiki mbili: moja ya tranka, ndoo na godoro, nyingine yetu. Mvua ilikuwa imenyesha usiku na udongo mwekundu unateleza kama sabuni. Mara mbili tulishuka tukatembea. Njiani nilimwomba Mungu hasa: kama ni kosa hili, lizuiwe sasa.

Tulipokata kona ya mwisho niliona uwanja, na watoto wakicheza mpira katika ukungu. Kitu cha kwanza kilichonigusa ni refa. Hana filimbi. Anapeperusha kitambaa chekundu, na watoto wote, hata aliye mbali kabisa na mpira, wanasimama, kwa sababu wanacheza huku jicho moja likiwa kwake.

Wakatuona. Wakaja mbio, thelathini, arobaini, wakatuzunguka, na mikono ikaanza kusema. Sijui niieleze vipi. Kwa miaka saba mwanangu ameona watu wakifungua na kufumba midomo kwa mambo asiyoyajua. Leo kwa mara ya kwanza kaona umati mzima ukisema kwa kitu anachokiona. Alisimama ametoa macho, anageuza kichwa huku na huku, mkono hadi mkono, uso hadi uso. Hakuelewa hata neno moja. Lakini alijua kwamba yanasemwa maneno. Nililiona usoni mwake.

Msichana mmoja akamsogelea akamwuliza kitu kwa mikono. Mwanangu akaivuta mikono yake ndani ya sweta kabisa, akajificha nyuma ya kanga yangu.

Matroni ni mama wa makamo, Mbena, mwenye sauti ndogo na mikono mikubwa. Hakuniuliza kwanza karatasi wala ada. Aliniuliza mtoto anapenda kula nini, analala upande gani, na kama ana ishara za nyumbani nimwonyeshe zote. Akachukua daftari akaziandika moja moja, hata ile ya bibi ya kuku. "Usiku wa kwanza nitasema naye Kimlimba," akaniambia. "Kiswahili cha mikono tutaanza asubuhi."

Jumamosi, bwenini na darasani

Nimelala chumba cha wageni lakini saa kumi na moja alfajiri nilikuwa mlangoni mwa bweni la wasichana wadogo. Nilitaka kuona wanavyoamshwa, maana kengele haina kazi. Matroni anawasha na kuzima taa mara tatu. Wanaoamka wanawagusa waliolala, begani, kwa vidole viwili. Ni sheria, hakuna kumvuta mtu blanketi. Mwenyewe anapita kitanda kwa kitanda akiangalia nani amekojoa, na shuka hizo anazitoa kimya kimya kabla wenzao hawajarudi kutoka kunawa.

Nilidhani bweni la viziwi lingekuwa na utulivu. Ni kelele tupu. Milango inabamizwa, ndoo zinaburutwa, vicheko vinapasuka, kwa sababu hakuna anayejua sauti anayoitoa. Matroni alisema kelele hizo ndizo zinazompa usingizi. Anachokiogopa ni mtoto anayelia kimya, kwa hiyo huamka saa sita na saa tisa kuzunguka na tochi, akielekeza mwanga sakafuni, aone nyuso.

Nilikagua milango kama nilivyoahidi. Yote inafunguka kwa nje, haina kufuli usiku, na mkubwa mmoja wa darasa la sita analala karibu na kila mlango. Moto ukitokea hapa hutapiga yowe. Lazima kuwe na mtu wa kukimbia na kugusa. Wanafanya zoezi hilo mara kwa mara, usiku, bila kutangaza.

Maji ya kuoga yanachemshwa kwenye pipa nyuma ya jiko. Uji, kisha usafi, kisha kufua. Mchana ugali wa dona, kabeji na maharage. Mwanangu, aliyezaliwa kwenye wali, aliutazama ugali ule kama mtu aliyepewa udongo. Hakula. Jioni tena hakula. Msichana wa darasa la sita aliyepewa kuwa dada yake hakumlazimisha. Alikaa mbele yake akala taratibu, akitengeneza tonge, akiligeuza kuwa kifaranga, akilimeza. Tonge la nne mwanangu alilinyang'anya.

Jumamosi hakuna masomo rasmi, lakini wageni wapya wanaingizwa darasani saa mbili ili waanze kuzoea. Mwalimu wao ni kiziwi mwenyewe, na matroni alinikalimania. Akanieleza kwamba alipokuwa mdogo, shule aliyosoma ilifundisha kwa mdomo tu: unatazama midomo ya mwalimu, unashika koo lake, unajaribu kutoa sauti. Aliyetumia mikono alichapwa mikononi. "Walitaka mema," alisema. "Lakini nilimaliza darasa la saba nikiwa sijawahi kumwuliza mwalimu swali." Shule za viziwi nchini zimeanzishwa kwa sehemu kubwa na makanisa: Wakatoliki walifungua ya kwanza Tabora mwaka 1963, Walutheri wakafungua Mwanga mwaka 1981. Mwalimu anasema bila shule hizo asingejua kusoma, na pia kwamba mikono yake aliirudisha mwenyewe alipokuwa mtu mzima, alipokutana na viziwi wenzake. Mambo hayo mawili aliyasema kwa pumzi moja, wala hakujaribu kuyapatanisha.

Watoto wapya walikuwa watano, wamekaa nusu duara ili kila mmoja amwone mwenzake. Mezani kulikuwa na kikombe, maji, embe, kiatu. Mwalimu akamwagia maji kwenye viganja vya kila mmoja, akaonyesha alama. Wanne wakaiga. Mwanangu mikono yake imo ndani ya sweta.

Mwalimu akapiga magoti mbele yake. Hakumshika ghafla. Kwanza alikunja mikono ya shati lake mwenyewe, kulia, kushoto, polepole, mkunjo baada ya mkunjo hadi kwenye kiwiko, akamwonyesha. Akasubiri. Mtoto akanyoosha mkono. Mwalimu akaanza kuukunja mkono wa sweta lile la kijani, na nilihesabu: mikunjo minne kabla vidole havijaonekana. Mkono wa pili mtoto aliukunja mwenyewe. Kisha akafanya alama ya maji. Aliifanya tena. Akashuka kitini, akaenda kwenye ndoo ya kona, akaionyesha, akafanya alama. Akakimbilia dirishani, mvua inanyesha nje, akafanya alama. Akanijia mimi, akaifanya mbele ya uso wangu, akasubiri jibu. Nikaifanya. Akaruka.

Nililia pale pale darasani, na kilichoniliza si furaha peke yake. Mvua inanyesha Mlimba kila masika. Miaka saba tumekuwa naye chini ya bati moja, mvua inapiga, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ile ya mbinguni na ile ya ndoo ni kitu kimoja na kina jina.

Na sweta nililonunua kubwa ili lidumu, ndilo lililomfunga ulimi.

Jioni watoto walimpa jina. Hapa kila mtu ana jina la alama na halitolewi na mwalimu, wanakupa wenzako wakishakutazama. Lake ni vidole vya mkono mmoja vikikunja mkono wa nguo kwenye kifundo cha mkono mwingine, mara mbili. Jina hili aliliona likiitwa. Aligeuka.

Jumapili, ibada

Kanisa lao ni ukumbi wa chakula, sakafu ya mbao. Ngoma kubwa inalazwa sakafuni na kupigwa kwa nguvu, na watoto wamevua viatu. Kwaya inaimba kwa mikono, mikono yote ikipanda na kushuka pamoja, na mpigo unaupata kwa nyayo. Nilivua viatu mimi pia. Nilifikiria treni.

Wakati wa sala nilifumba macho kama nilivyofundishwa tangu utoto. Nilipofumbua, niliona ni mimi peke yangu niliyefumba. Wao wanasali macho wazi, wamemkazia mchungaji, kwa sababu ukifumba macho umejitoa kwenye sala. Sala iliyofuata nilisali macho wazi.

Mchungaji wa usharika wa jirani anajua lugha ya alama, si sana, lakini anajitahidi. Matroni alininong'oneza kwamba karibu kila mgeni anayekuja hapa huhubiri Efatha, yule kiziwi aliyefunguliwa masikio katika Marko 7, na watoto wamebaki wakijiuliza kama Mungu anawapenda kabla ya kufunguliwa au baada. Leo somo lilikuwa Luka 1: Zakaria, kuhani aliyekuwa hawezi kusema, na ndugu waliompungia mikono wajue mtoto aitwe nani. Mchungaji akauliza watoto: hawa ndugu walitumia nini? Mikono yote juu. Walitumia alama! Katika Biblia! Mvulana mmoja wa darasa la tatu alisimama juu ya benchi kwa furaha, na wenzake wakashangilia kwa namna yao, viganja vimeinuliwa na kupepesuka hewani kama majani ya mgomba kwenye upepo.

Mchana wali na nyama, chakula cha Jumapili. Mwanangu alikula sahani mbili.

Baada ya chakula nilimweleza matroni kile ambacho kimenikaa rohoni tangu Jumatano: kwamba kesho naondoka na sina namna ya kumwambia kuwa tutarudi. Hakushangaa. Alinipeleka ofisini kwake, akafungua kabati, akatoa kalenda mbili za ukutani, zile za mwaka mzima kwenye karatasi moja. Akaniomba picha ya mama yake mtoto. Nilikuwa nayo, ya pasipoti, ya kitambulisho cha kliniki. Akaibandika kwa gundi kwenye siku ya kufunga shule, mwanzoni mwa Juni. Akamwita mtoto.

Walikaa sakafuni. Matroni akaonyesha kisanduku cha jana, akamkumbusha: kikombe, maji, ugali wa kifaranga. Akakikata kwa kalamu nyekundu. Akaonyesha cha leo: ngoma, wali. Akafanya ishara ya nyumbani ya kulala, kiganja shavuni, kisha akasogeza kidole kisanduku kimoja. Kulala, kisanduku. Kulala, kisanduku. Alifanya hivyo kwa wiki nzima, bila haraka, kisha akateremsha kidole chake mstari kwa mstari, mwezi kwa mwezi, hadi kwenye uso wa mama. Mtoto akakigusa kile kipicha. Akarudi juu kwenye kisanduku cha leo. Akatazama umbali ulio katikati. Alikaa kimya muda mrefu, na mimi sikuweza kumtazama.

Halafu akafanya kiganja shavuni, akasogeza kidole chake mwenyewe.

"Hajaelewa yote," matroni alisema. "Ataelewa ikishapita wiki moja na aone visanduku vinaisha kweli."

Jumatatu, kuondoka

Niliwaza kutoroka, nakiri. Wazazi wengi hufanya hivyo: mtoto anacheza, wewe unapita mlango wa nyuma. Matroni alinikataza kwa sauti ile ile ndogo. Mtoto unayeweza kumweleza baadaye, labda. Mtoto asiyeelezeka ataamini umekufa, au umepotea, na atakutafuta kila anapogeuka. Aone unaondoka, hata akilia.

Alilia. Pikipiki ilikuwa inasubiri, ukungu haujapanda, watoto wamepangwa mstarini. Nilipiga magoti, nikamwonyesha tranka linabaki, nikamwonyesha njia, nikamwonyesha mimi. Nikafanya jina lake, vidole vikikunja mkono wa nguo. Nikafanya kiganja shavuni mara nyingi, nyingi, kisha nikaonyesha bweni ilipo kalenda. Alinishika kifuani chini ya koo, kama kwenye handaki. Nikaimba. Niliimba beti mbili mbele ya shule nzima, na hakuna aliyesikia isipokuwa matroni na dereva wa pikipiki. Kisha yule dada wa darasa la sita akaja akamshika mkono, na mikono ya sweta ilikuwa imekunjwa.

Sikugeuka hadi kwenye kona. Nilipogeuka ukungu umewafunika, ila kitambaa chekundu cha refa kilikuwa kinaonekana, kimeanikwa kwenye kamba.

Jumatano, Mlimba tena

Treni ya kurudi inateremka mahandaki yale yale. Nimekaa gizani mikono mapajani, nikirudia alama kumi na nane nilizojifunza. Idadi imeangukia sawa na mahandaki, basi kila giza nimelipa alama moja.

Nimefika jioni. Dada alikuwa mlangoni kabla sijapiga hodi. Kalenda ya pili nimeigongomea ukutani juu ya kitanda chake. Kwenye kisanduku kile kile cha Juni tumebandika picha ya mtoto. Dada alichukua mkaa, kichanga kikiwa begani, akakata siku tangu Jumatatu: moja, mbili, tatu. Mkono ulitetemeka.

Bibi aliuliza milango nikamweleza milango. Aliuliza chakula nikamweleza ugali, akaguna. Kisha nikamwambia mjukuu wake ana jina, nikamwonyesha. Vidole vya bibi havikunjiki vizuri, vimekakamaa kwa miaka ya jembe. Alivuta upindo wa kanga kwenye kifundo cha mkono, mara moja, mara mbili, akanitazama kuuliza kama ndivyo. Nikamwambia ndivyo. Akarudia.